Majani Matatu Juu ya Mnara

Jiwe la kwanza liligonga bati la ofisi ya kijiji wakati Sajini Hermelinda Auccasi akimfungua Teodulo Misaico pingu ya mkono mmoja ili apate kunywa supu. Watu watatu waliokuwa mle ndani wakainua macho darini. Jiwe likabingirika taratibu, likadondoka uani, na kelele za nje zikapanda tena.

"Mtoeni muuaji huyo!"

"Sijaua mtu," Teodulo akasema, kijiko mkononi. "Lino bado anapumua. Au mmeambiwa vingine mkanificha?"

"Bado anapumua," Sajini akasema. "Kunywa supu."

Konstebo Rengifo, mtu mnene wa pwani ambaye baridi ya milimani ilikuwa haijamzoea, alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango kama mtu anayezuia fahali asitoke zizini.

"Afande, gari la mjini linasemaje?"

"Redio inasema wako njiani."

"Njiani. Hata mimi niko njiani kwenda kustaafu."

Asubuhi ile, mbele ya Qochamarka nzima, Lino Qoyllo, mcheza ngoma ya mikasi wa Mtaa wa Juu, alikuwa amepanda kamba iliyofungwa kutoka mnara wa kanisa hadi kwenye mkaratusi ng'ambo ya uwanja. Ilikuwa sikukuu ya maji, siku ya kufungua mifereji baada ya kuisafisha, na kila mtaa ulileta mchezaji wake kushindana. Lino alifika katikati, akajining'iniza kichwa chini, mikasi yake ikilia mkononi, vyuma viwili vikigongana kama kengele ndogo. Kamba ikakatika. Alianguka juu ya mawe ya uwanja. Walimpeleka mjini kwenye lori la viazi, na aliyembeba miguu alisema miguu ile haikuwa na habari na mwenyewe.

Kabla vumbi halijatulia, Mtaa wa Juu walikuwa wameshamkamata Teodulo, mcheza mikasi wa Mtaa wa Chini. Sajini aliwakuta wanatafuta mti wa kumfunga.

Sasa alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Jana jioni ulimwambia nini Lino?"

"Kwamba leo atadondoka kama kiazi kibovu."

"Mbele za watu?"

"Ningemwambia chooni? Na yeye akaniambia mikasi yangu inalia kama vijiko vya shangazi yake. Ndivyo tunavyosalimiana, dada. Wewe si wa huku huku?"

"Mimi wa bonde la pili."

"Basi unajua. Wacheza mikasi wasipotukanana sikukuu hainogi."

"Alfajiri ulionekana unatoka mnarani."

"Kesho ni zamu yangu ya kamba. Nilipanda kutazama boriti, nijue sisi tutafunga wapi kamba yetu."

"Kamba ya Lino uliigusa?"

"Kamba ya mtu haiguswi."

"Kisu chako kina manyoya ya ngozi, na kamba ile ilisukwa kwa ngozi ya fahali."

Teodulo akanyoosha mguu juu ya meza, karibu amwage supu. "Nilikata ukanda wa kiatu. Kiatu chenyewe hiki. Nusa ukitaka."

Sajini hakunusa, ila aliinama akatazama. Ukanda ulikuwa mpya, wa ngozi nyekundu yenye manyoya, kata yake bado nyeupe. Ungeweza kumtetea na ungeweza kumfunga. Aliurudisha ule mguu chini kwa kidole.

Mlango ukagongwa kwa fimbo. Rengifo akafungua upenyo. Alikuwa Abundio, mwenye sherehe wa Mtaa wa Juu, mtu aliyekuwa amelisha na kunywesha wageni wote wa upande wake. Alivaa kofia mpya ya sherehe, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele.

"Mama Sajini, tunakuheshimu. Lakini tazama kule chini."

Sajini akatazama juu ya bega lake. Kule bondeni ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda, mzito kama sufu. Ulikuwa umeshameza mashamba ya mahindi, na sasa ulikuwa unalamba makaburi.

"Ukifika uwanjani," Abundio akasema, "hakuna gari litakalopita kona za barabara ile mpaka kesho. Sisi hatutakesha na mtu huyu hapa. Ukungu ukigusa ngazi za kanisa, tunaingia."

"Ukiingia, Abundio, utanikuta mimi."

"Nitakuamkia, kisha nitapita."

Rengifo akafunga mlango. "Yule mzee ana adabu sana," akasema. "Ananitisha."

"Usifungue hata kwa padri," Sajini akamwambia, akatokea mlango wa jikoni.

*

Chini ya mnara alimkuta Wenceslao, mpiga kinubi wa Lino, amekalia gunia la viazi lililofungwa mdomo kwa kamba nene yenye kitanzi. Kinubi chake kilikuwa kimelazwa ubavuni kama ndama mgonjwa. Alikuwa amekunywa, lakini si sana.

"Pole, kaka," Sajini akasema.

"Ipi? Ya Lino au ya kazi?"

"Zote. Asubuhi hukuona kitu kisicho cha kawaida?"

"Mimi nikipiga huwa natazama miguu ya mchezaji. Miguu ilikuwa mizuri." Akapangusa pua. "Fidla ndiyo ilikuwa mbaya. Mzee Saturnino leo alikwaruza kama paka aliyefungiwa stoo. Nikamwambia, baba, paka ulimbo upinde huo! Akaendelea kukwaruza. Mkono unamtetemeka."

"Amezeeka?"

"Juzi hakuwa mzee. Alipiga toka jua linatua mpaka vijana wakachoka kucheza, wakakimbia." Akainua macho. "Wale wa Chini wametuloga, mama. Andika hivyo."

Sajini hakuandika. Akapanda ngazi za mnara.

Juu, upepo ulikuwa mkali. Kipande cha kamba kilikuwa bado kimefungwa kwenye boriti, kikining'inia nje ya dirisha la uwanjani kwa urefu wa mkono. Alikivuta ndani, akakipeleka kwenye mwanga. Nyuzi za ngozi za upande mmoja zilikuwa zimechanika kwa kuvutwa, ndefu, zimechakaa ncha. Za upande wa pili zilikuwa fupi na sawasawa. Hizo zilikatwa kwa kisu, na mkataji hakuwa na haraka.

Lakini kamba yenye kata kama ile ingefumuka na kuonekana na yeyote aliyepanda asubuhi kuikagua. Akapitisha kidole. Zile nyuzi zilizokatwa ziling'aa na kunata. Mtu alikuwa amezishikisha tena kwa kitu cha manjano, kikavu, kinachovunjika kama sukari guru. Akachuna kidogo kwa ukucha, akakisugua, akanusa. Kilinuka utomvu wa msonobari. Akakitia kwenye kiberiti chake kitupu.

Kisha akafanya alichozoea kufanya kila mahali: akasimama katikati bila kugusa kitu, akazunguka polepole. Mnara ulikuwa na madirisha manne. La uwanjani, lenye kamba. La barabarani. La tatu lilitazama kusini, kwenye mlima mwekundu Pukaruna, ambao watu wa Mtaa wa Chini huuita baba na kuuomba. La nne lilikuwa nyuma ya kengele, na mtu alipaswa kuinama chini ya mti wa kengele kulifikia. Hilo lilitazama theluji ya Rasuwayna, baba wa Mtaa wa Juu.

Sajini akainama.

Kizingiti kilijaa vumbi na mavi ya njiwa. Katikati ya uchafu ule palikuwa na kijiwe safi, na chini ya kijiwe majani matatu ya koka, kama ya kuombea milima, mazima, hayana jeraha, yamepangwa moja juu ya jingine, uso juu, ncha zikielekea mlimani. Njiwa walikuwa hawajapata muda wa kuyachafua.

Hakuna mtu anayepanda mnarani kuomba. Watu huombea shambani, kisimani, penye chemchemi. Aliyeomba hapa alikuwa na shughuli hapa.

Akachungulia nje. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye ukuta wa makaburi.

*

"Nyoosha mkono," Sajini akamwambia Teodulo. Alikuwa amerudi kwa mlango wa jikoni, na dirisha moja la ofisi lilikuwa halina kioo tena. Rengifo alikuwa ameziba tundu kwa kabati la mafaili na sasa aliliegemea hilo.

Sajini akamimina mkononi mwa Teodulo konzi ya koka kutoka mfuko wake mwenyewe. "Utakaa hapa muda. Tafuna."

"Mungu akulipe." Teodulo akachagua, kama kila mtu anavyochagua, akatupa yenye tundu na yaliyokunjika, akapata matatu mazuri. Kisha, akiwa bado amefungwa mkono mmoja kwenye kiti, akanyanyuka nacho nusu, akageuka na kiti chake, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka akaukabili ukuta wenye ramani ya taifa. Akayainua majani mdomoni, akayapulizia.

"Umeona nini ukutani?" Sajini akauliza.

"Ukutani? Pukaruna yuko nyuma ya ukuta huo."

"Kiti kilikuwa kinatazama Rasuwayna. Ungepulizia huko huko tu, usijisumbue."

Teodulo akamtazama kama aliyetukanwa. "Nimwombe baba wa watu wakati wangu yupo? Hata aibu sina?"

"Kama ungekuwa na jambo la siri. Kwa mfano, hutaki baba yako ajue."

"Jambo la siri ndilo la kumwambia baba. La wazi analiona mwenyewe."

Sajini akamfunga tena ule mkono. Rengifo akamvuta pembeni.

"Afande, kwa heshima. Huwezi kumwambia hakimu kwamba mtu hana hatia kwa sababu amepulizia majani kwenye ramani."

"Sitamwambia hakimu. Ninajiambia mimi niache kutafuta Mtaa wa Chini."

"Umtafute wapi sasa?"

Sajini akafungua kiberiti, akamwonyesha zile chembe za manjano.

"Sukari?"

"Ulimbo. Ule wa kupaka upinde wa fidla."

Jiwe jingine likagonga kabati. Rengifo akasukuma kwa bega. "Basi fanya haraka, mama. Kabati hili ni la mbao za serikali."

*

Mzee Saturnino Paukar alikuwa nyumbani kwa mwenye sherehe, nyuma ya kanisa, kwenye chumba cha kuvalia. Walikuwa wamemwachia kazi ya kufua vazi la Lino. Vioo vidogo vya vazi lile vilimetameta ndani ya beseni, na maji yalikuwa yamebadilika rangi. Fidla ilikuwa kitandani. Mikasi ya Lino ilikuwa kando yake, imefungwa kitambaa kama mtoto.

"Karibu, mwanangu. Ana hali gani?"

"Wamemfikisha hospitali. Anazungumza kidogo. Miguu bado."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua.

"Baba, naomba unipigie kidogo. Ule wimbo wa kwenda chemchemini."

"Leo? Huu si wakati wa nyimbo."

"Kidogo tu."

Akapangusa mikono, akachukua fidla, akaiegemeza kifuani. Upinde ukapita juu ya nyuzi na sauti ikatoka nyembamba, ikateleza, ikakatika.

"Upinde hauna ulimbo," Sajini akasema.

"Umeisha."

"Lini? Juzi ulipiga mpaka vijana wakakimbia."

Mzee akaishusha fidla. Sajini akaweka kiberiti juu ya kitanda, kimefunguka. Akaweka kando yake majani matatu ya koka, aliyoyatoa kwenye kitambaa chake kwa uangalifu, uso juu.

Saturnino akayatazama majani, kiberiti hakukitupia hata jicho.

"Umeyaondoa," akasema. "Hukupaswa kuyaondoa."

"Ulimwomba nini Rasuwayna?"

"Amshike mwanangu asipande." Akakaa chini, polepole. "Lino nimemlea mimi. Mikasi hii nilimpa mimi, chini ya maporomoko, akiwa hana hata ndevu. Wiki nzima koka ya kuagulia ilitoka vibaya. Kila nikirusha, majani yanalala kifudifudi. Nikamwambia, mwanangu, mwaka huu cheza chini, kamba iache. Akacheka. Akasema, baba, unazeeka, sasa unaogopa majani."

"Kwa hiyo ukaikata."

"Nusu! Nusu tu." Akanyanyua mikono yote miwili. "Wewe wa bonde la pili, kwenu hakuna mnara, hujui. Hapa mtu hapandi kwanza. Linapanda gunia. Gunia la viazi, zito kuliko mtu, linaning'inizwa kwa kitanzi, linavutwa toka mnara mpaka mkaratusi mbele ya wote. Tangu babu zangu. Kamba ikatike na gunia! Viazi vimwagike, watu wacheke, Abundio atukane, na kamba nyingine haisukwi kwa siku moja. Lino angecheza chini. Hicho ndicho nilichotaka. Viazi vimwagike."

"Na gunia halikupandishwa."

"Nilikuwa chini na fidla. Nikawa namngoja Abundio aseme, leteni gunia. Akatazama ukungu ule kule chini, watu wanapiga kelele, apande, apande, akapunga kofia. Lino alikuwa ameshaingia mnarani. Nilipaza sauti, mwanangu. Kwa kelele zile nani angenisikia? Mama yangu mzazi asingenisikia. Na Wenceslao alikuwa ameshaanza kupiga." Akafunika uso. "Nikapiga na mimi. Mkono wangu ulipiga tu wenyewe."

Sajini akakumbuka mpiga kinubi alivyokuwa amekaa, na kile kitanzi kinene mdomoni mwa gunia.

"Mbona umemwacha Teodulo afungwe?"

"Nilikuwa namalizia kufua vazi," mzee akasema. "Kisha nilikuwa nakuja. Usiponiamini sikulaumu."

Nje, mlio wa watu ulibadilika. Haukuwa tena makelele ya huku na huku. Ulikuwa mmoja.

"Vaa kofia, baba," Sajini akasema. "Utatembea nyuma yangu, karibu. Usiseme neno."

*

Ukungu ulikuwa umefika kwenye ngazi ya chini ya kanisa. Abundio alikuwa ameshika mwimo wa mlango wa ofisi, na wanaume wanne nyuma yake walibeba boriti. Ndani, Rengifo alikuwa anatukana kwa maneno ya pwani ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Sajini hakwenda mlangoni. Alikwenda chini ya mnara, akamnyanyua Wenceslao kwa kwapa, akalishika gunia kwa kitanzi chake, akaliburuta mpaka katikati ya uwanja, pale penye doa ambalo watu walikuwa wanalizunguka bila kulikanyaga. Lilikuwa zito. Mikwaruzo yake juu ya mawe ikawageuza watu mmoja mmoja.

"Abundio!" akaita. "Hili gunia la nani?"

Boriti ikasimama hewani.

"La... la sherehe."

"La kazi gani?"

Abundio akauachia mlango. Bibi mmoja wa Mtaa wa Juu, mwenye mtoto mgongoni, akajibu kwa niaba yake kabla hajajua anachosema: "La kupimia kamba, mama."

"Asubuhi lilipanda?"

Mtoto wa yule bibi akakohoa.

"Nauliza tena. Nyote mlikuwepo. Nani aliliona gunia hili likivuka?"

"Ukungu ulikuwa unapanda," Abundio akasema. Kofia yake mpya ilikuwa mikononi sasa. "Watu walikuwa wanataka... mlikuwa mnapiga kelele! Nyinyi! Mlisema apande!"

"Wewe ndiye mwenye sherehe!" mmoja wa wale wa boriti akafoka.

"Na wewe ulikuwa mbele kabisa, Kirilo, nilikuona, ulipiga mbinja!"

Boriti ikateremka. Wawili wakamsogelea Abundio, na Sajini akaingia kati yao na gunia lake.

"Hapana," akasema. "Hamtammaliza mmoja kisha mshike mwingine. Kamba ilikatwa, na aliyeikata ninaye, na si Teodulo Misaico. Aliikata ili ikatike na viazi hivi. Yeye atajibu kwa hakimu kwa kisu chake. Nyinyi mtajibu wapi kwa gunia, sijui. Nipisheni."

Ndipo walipomwona Saturnino nyuma yake, mwenye kofia, mikono bado ina unyevu wa beseni. Mtu akaanza kusema kitu, akaacha. Wenceslao akamtazama mzee, akautazama upinde uliokuwa mkononi mwake, na uso wake ukaanguka wote kwa mara moja.

Gari la mjini likatokea kwenye ukungu na taa zake zimewashwa, polepole, kama linaogopa kukanyaga mtu.

Rengifo akamtoa Teodulo. Alisimama mlangoni akijisugua mkono, akawatazama watu waliotaka kumfunga mtini, na hakuna aliyemtazama. Alipita katikati yao mpaka mbele ya Saturnino.

"Baba Satu," akasema. "Lino alikuwa ananishinda. Nataka ujue. Leo alikuwa ananishinda."

Mzee akatoa kifuani ile mikasi ya Lino ndani ya kitambaa chake, akamkabidhi. "Mpelekee. Mimi sitaruhusiwa."

Sajini akampandisha mzee garini, akakaa kando yake. Rengifo akabanana mbele na dereva. Gari lilipogeuza uwanjani, Sajini akatazama nyuma kwa kioo chenye vumbi. Teodulo alikuwa amelitupa gunia begani. Alikuwa anaingia nalo mnarani, na kamba ya Mtaa wa Chini, ile ya kesho, shingoni mwake, na watu wa Mtaa wa Juu walikuwa wanamwachia njia.

"Simamisha kidogo," akamwambia dereva.

"Ukungu, afande."

"Kidogo."

Walingoja kamba ifungwe mpaka kwenye mkaratusi, Saturnino amefumba macho. Kisha gunia likatokea dirishani juu, likayumba, likaanza kuvuka uwanja, taratibu, likiingia na kutoka kwenye weupe ule. Watu wote walikuwa wamevua kofia na kuinua nyuso, na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele mpaka lilipogusa mkaratusi.